Nilimuogesha mbwa kila Jumamosi miezi minne, kumbe nilikuwa simsuuzi

Mbwa wangu anaitwa Watasema. Jina alilitoa mama watoto siku ya kwanza namleta nyumbani, nimemshika kamba napita naye mtaani hapa Gungu, Kigoma, watu wamekaa vibarazani wanaliangalia limbwa likubwa limejaa manyoya kama kondoo, akasema haya sasa baba, watasema. Likabaki hilo hilo. Nilipewa na mwenzangu kazini alivyohamishiwa Tabora, ni chotara wa German Shepherd na sijui nini kingine, kilo zake 28, alafu ana manyoya ya aina mbili, ya juu marefu magumu na ya chini mafupi laini kama pamba ya mto. Haya ya chini yakumbuke, ndo yaliyonitesa.

Mi nimekulia Kasulu kwenye nyumba ambayo mbwa haogeshwi. Mbwa wa baba alikuwa anaoga mvua, ikinyesha kaoga isiponyesha hajaoga, na sikumbuki kumuona ana shida ya ngozi zaidi ya kupe wawili watatu masikioni tuliokuwa tunawang'oa kwa vidole na kuwasaga kwa jiwe (usifanye hivyo, ntakuja huko). Kwaiyo nilivyopata mbwa wa manyoya nikiwa mjini, tena mwezi wa sita, na vumbi jekundu la huku mnalijua linaingia mpaka kwenye kopo la sukari, nikajiona baba wa kisasa, nikasema huyu ataoga kama mtoto. Kila Jumamosi.

Na nilianza na sabuni ya unga. Msinicheke. Hesabu yangu ilikuwa kama inatoa grisi kwenye ovaroli itashindwaje vumbi la mbwa, nikakoroga kwenye ndoo, nikammwagia, nikasugua, povu likapanda mpaka sioni mbwa naona macho tu. Watoto wanashangilia. Nageuka kufungua bomba, bomba likakohoa, likatoa upepo, likanyamaza. Maji yamekatika. Ndani kuna dumu moja tu la kupikia na mama watoto kasimama mlangoni, hakusema neno ila nilimwelewa. Basi nikampiga Watasema makopo matano sita yaliyobaki kwenye ndoo, nikamfuta kwa kanga kuukuu, akajikung'uta akatulowesha wote, akaenda kujianika juani.

Alinukia vizuri ajabu. Hapo ndo nilipoharibikiwa, kwasababu angenuka vibaya ningejua nimekosea. Wiki iliyofuata maji yapo lakini nikasema si wiki iliyopita alikauka vizuri tu na maji kidogo, ya nini kupoteza maji. Ikawa ndo utaratibu, sugua nusu saa, mwagia dakika mbili, taulo, kwisha.

Mwezi wa saba akaanza kujikuna. Mwanzoni mara moja moja, baadae usiku kucha unasikia mguu unagonga mlango du du du du, hulali. Mgongoni karibu na mkia manyoya yakaanza kunyonyoka, ukimpapasa unatoka na mba mkononi kama unga wa muhogo, kwapani pamekuwa pekundu, na tumboni kwenye kinena akawa anajilamba mpaka pamevimba. Na mimi akili yangu ikaniambia nini? Huyu bado mchafu. Nikaongeza sabuni. Nikatoka Jumamosi peke yake nikaweka na Jumatano. Yani nilikuwa namuosha kwasababu anajikuna na anajikuna kwasababu namuosha, tukawa tunazunguka hivyo mpaka mwezi wa kumi mvua za kwanza zinaanza.

Ushauri ulikuwa wa bure na ulikuwa mwingi. Mmoja kasema mpake mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, si ndo tunajipaka wenyewe, nikampaka, akawa anateleza na vumbi lote la Gungu limemganda mwilini. Mwingine, huyu ni fundi pikipiki, kanishauri nimpake oili chafu, ile inayomwagwa kwenye injini, eti inaua ukurutu wote. Nusura nimpake, nilishaibeba kwenye chupa mpaka nyumbani. Namshukuru mama watoto aliyeuliza swali moja tu, hiyo oili akijilamba je? Maana mbwa kitu chochote ukimpaka jua kitaishia mdomoni. Oili chafu inaunguza ngozi na ikiingia tumboni ni sumu, ila bado nawaona watu wanapaka mbwa na mbuzi.

Alafu kuna ile ya ziwani. Nikafikiri hela ya madumu ya nini wakati tuna Tanganyika hapo chini, ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470, mi nabishana na bomba. Nikambeba Watasema mpaka Kibirizi asubuhi na sabuni mfukoni. Kwanza nafika namkuta mama anachota maji ya kupikia mita chache tu kutoka nilipotaka kumwaga povu la mbwa, aibu ikanishika, sabuni nikairudisha mfukoni nikasema basi namlowesha tu. Kaingia kidogo kafurahi, katoka, na mnajua mbwa akitoka majini kinachofuata. Ila yeye hakujikung'utia pale, kachomoka na kamba yake, kakimbia moja kwa moja mpaka kwenye dagaa walioanikwa, kasimama katikati yao, ndo akajikung'uta. Jamani. Wale akina mama walinyanyuka kama wameambiwa kuna moto. "Baba, huyo mbwa wako atatulipa hao dagaa au utatulipa wewe?" Nikalipa mimi. Nikarudi juu kwa miguu na mbwa mwenye mchanga mpaka kwenye kope, mchafu kuliko alivyoshuka. Baadae mvuvi mmoja ananiambia we una bahati umelipa dagaa tu, ziwa hili lina mamba na mbwa ndo wanampenda. Sijarudi.

Ndo nikaenda duka la dawa za mifugo pale Mwanga kununua dawa ya ukurutu, muuzaji akakataa kuniuzia kabla bwana mifugo hajamuona mbwa. Nilikasirika wakati ule, sahivi namwombea dua. Bwana mifugo kaja jioni, kijana mdogo tu, nikamwambia shida, kamshika Watasema kwa upole, kamwangalia masikio, kati ya vidole, kakwangua ngozi kidogo kwa kiwembe akaenda nayo kupima, kesho yake akaja kusema utitiri hamna. Alafu akauliza, "Mzee, unamuogesha mara ngapi?" Nikajibu kwa kujisifu kabisa, mara mbili kwa wiki. Akatabasamu. "Mara ya mwisho lini?" Juzi Jumatano, nikamwambia, na leo ni Ijumaa. Akaomba kopo la maji. Sio ndoo, kopo. Akammwagia mgongoni taratibu akaanza kupekecha kwa vidole pale chini kwenye yale manyoya ya pamba.

Povu likatoka.

Mbwa hajaguswa na sabuni siku mbili, povu jeupe linachuruzika mgongoni, na mimi nimesimama nimeshika taa ya simu kama mwizi aliyekamatwa. Mama watoto kacheka mpaka kakaa chini.

Alinieleza vitu ambavyo sikuwa najua. Ngozi ya mbwa tunaiona ngumu kwasababu ya manyoya lakini ile tabaka ya juu ni nyembamba kuliko yetu, yetu ina chembe kama 10 mpaka 15 zimepangana, yake 3 mpaka 5. Alafu ngozi ya binadamu ina asidi kidogo, kwenye kile kipimo cha pH (namba ikipanda asidi inapungua) inakuwa karibu 5.5, ya mbwa inacheza karibu na 7, ndo maana hata shampuu yetu nzuri ya saluni sio yake, na sabuni za mche zinafika 9 mpaka 10, hiyo ya unga ndo usiseme. Sasa ukiiweka ikakaa dakika tano ukaitoa, ni jambo moja. Ukiiacha ikakauka chini ya manyoya, kila akilala kwenye umande au akijilamba inalowa tena inafanya kazi upya, inakausha yale mafuta yake ya asili, ngozi inapasuka, anajikuna, kucha zinaingiza vijidudu, ndo vile vidonda. Yani miezi minne nilikuwa nimemvalisha mbwa shati la sabuni. Akanipa dawa ya vile vidonda, na masharti: wiki tatu hakuna kuoga kabisa zaidi ya kumsuuza maji matupu mara mbili kuitoa ile ya zamani, baada ya hapo mara moja kwa mwezi inamtosha, na shampuu ya mbwa.

Hiyo siku ya kusuuza maji matupu ndo niliyojifunza kusuuza ni nini. Dumu la kwanza la lita 20 lote liliisha na maji bado yanatoka kama maziwa. La pili yakawa kama togwa. La tatu ndo yakaanza kusafika. Mi sikuamini kwamba mnyama mmoja anaweza kubeba sabuni kiasi kile, na maji yalikuwa yamekatika tena kwaiyo nilikuwa nanunua kwa kijana wa baiskeli, dumu mia tano, kila akija anauliza mzee mnafyatua matofali?

Sasa hivi nafanya hivi, na sijui kama ndo sahihi kwa kila mtu ila kwangu imekubali. Simlowanishi hata kidogo kabla sijaona maji ya kusuuzia yamekaa pale kwa macho yangu, dumu moja la kuogeshea na matatu ya kusuuzia, bomba silihesabu hata likiwa linatoka. Naanza saa nne asubuhi jua limeshapasha lakini halijachoma, ili ikifika jioni manyoya ya ndani yamekauka, maana yakilala na unyevu yananuka na ngozi inaharibika tena. Kuna jamaa ana mpira mrefu wa maji akanishauri nitumie, nikatumia, na hapa nikupe onyo: mpira ukiwa umelala juani saa sita maji ya mwanzo yanayotoka yanaunguza kama ya chai. Yalinipata mimi kwanza mkononi, Mungu alivyo mwema, ndo nikajua. Mwaga chini mpaka yapoe, jipime kwa upande wa ndani wa mkono kama unavyompimia mtoto. Ila mi nimerudi kwenye kopo. Nimechukua dumu la mafuta la lita 5, nikatoboa matundu kitakoni kwa msumari wa moto, kijana wangu analishika juu mi napekecha, maji yanashuka kama mvua na Watasema haogopi, mpira ulikuwa unamtisha ule mlio wake.

Sabuni naanzia shingoni, nazungushia kama kola, huo ujanja ni wa bwana mifugo, viroboto wakisikia maji wanakimbilia kichwani, sasa wakikuta kola ya povu wanakwama. Kichwa simmwagii maji kabisa, nafuta kwa kitambaa kilicholowa nikakikamua, masikioni naweka pamba kidogo (kumbuka kuitoa, niliwahi kuisahau siku nzima nikawa nafikiri mbwa kaziba masikio kwa kiburi). Alafu kusuuza naanzia juu kushuka, shingo, mgongo, mbavu, na mkono mmoja unamwaga mwingine unafungua manyoya kinyume yanavyolala, sio unamwaga juu juu kama unamwagilia mchicha. Sehemu nilizokuwa nazisahau ndo zile zile zilizokuwa nyekundu, kwapani, kinena, chini ya mkia na katikati ya vidole. Sabuni yote ya mgongoni inashukia huko, kwaiyo ukisuuza mgongo ukaridhika ujue umehamisha tu. Nitajuaje imeisha? Nashika fungu la manyoya nalivuta kati ya vidole, likiteleza bado, likikwaruza kidogo kama nywele alizotoka kuosha mtoto basi. Na baada ya kuona imeisha naongeza mara moja nyingine. Kuogesha kwangu dakika kumi, kusuuza dakika ishirini na tano.

Kwenye maji machafu ndo nikagombana kidogo na jirani, ingawa kugombana sio neno lenyewe. Ni mzee wa Ujiji, mtu wa dini, kajenga chini yangu, na mteremko unapeleka maji yangu mpaka ubavuni kwa baraza lake. Nilivyokuwa nasuuza kwa makopo matano hayakuwa yanafika. Nilivyoanza madumu matatu yakafika. Akaja getini, nikamwambia shikamoo mzee, akaitika marahaba, akakataa kiti. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mbwa wako. Ugomvi wangu ni na maji yake." Akanieleza bila ukali wowote kwamba pale anaswali, na kwao chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba, mara moja wapo kwa udongo, sasa yeye aoshe baraza mara ngapi? Niliona haya kweli. Jioni ile ile nikachukua jembe nikachimba mfereji kugeuza maji yaelekee kwenye migomba nyuma ya nyumba, na sehemu ya kuogeshea nikaihamishia huko juu ya mawe. Na beseni, kopo na taulo vya Watasema nikavipiga alama ya rangi nyekundu, hilo lilikuwa la mama watoto zaidi, kwasababu kumbe miezi yote ile beseni lilikuwa la nguo zake za kanisani na mimi nilikuwa nalirudisha kimya kimya. Alijuaje? Manyoya kwenye blauzi nyeupe.

Sasa ukisha kujifunza kitu unakipeleka mpaka kisipohitajika. Mvua zilivyokolea kupe wakaja, wale wa kahawia wanaokaa mpaka kwenye nyufa za ukuta, na kupe wanaleta homa mbaya kwa mbwa inayomaliza damu. Huku kung'oa kwa vidole na kusaga ndo nimeacha, unashika karibu kabisa na ngozi kwa kibano unavuta moja kwa moja, unatumbukiza kwenye spiriti. Bwana mifugo kanipa dawa ya kuchanganya na maji, kanieleza vipimo, kaniambia vaa glovu, fanyia nje penye hewa, mbwa awe hana vidonda, asilambe mpaka akauke, na paka asisogee kabisa kwasababu dawa nyingine za kupe wa mbwa zinaua paka. Nikafuata yote. Nikampaka mwili mzima vizuri, nikasubiri dakika kumi, nikachukua dumu langu la matundu, nikamsuuza. Tena kwa ustadi, kwapani, vidoleni, mpaka manyoya yakakwaruza. Wiki moja kupe wako pale pale wamenenepa kama zabibu. Nampigia simu kulalamika dawa yako feki, anauliza ulimsuuza? Nikasema sana. Kimya kirefu kwenye simu. Ile dawa haisuuzwi, inakauka humo humo mwilini, na alishaniambia ila mi masikio yangu siku hizo yalikuwa yanasikia neno moja tu.

Manyoya ya mgongoni yalirudi baada ya kama miezi miwili, meusi kuliko ya mwanzo. Mguu haugongi tena mlango usiku. Kilichobaki ni vurugu baada ya kuoga, huyu mbwa ukimwachia tu anazunguka nyumba mara nne kama kachanjwa pilipili alafu anakwenda kugaagaa kwenye udongo mwekundu, kazi yako yote inaisha hapo. Dawa yake nimeona ni kumfunga kwenye kibaraza cha sementi mpaka akauke, na mfupa wa kumshughulisha.

Jumamosi iliyopita ndo ilikuwa zamu yake ya mwezi. Akisikia tu madumu yanagongana anajificha chini ya toroli, matako nje, anadhani haonekani. Tukamtoa, tukamuogesha, kijana kashika dumu la matundu analalamika mkono umechoka baba, nami nikaona ah, la tatu limeisha, maji yanaenda meupe, inatosha. Nikaanza kuvuta taulo. Yule mzee jirani alikuwa amekaa barazani kwake na tasbihi, mfereji wangu unapita mbele ya macho yake kabla haujakata kona ya migomba. Akainua kichwa.

"Bado, mwanangu. Naliona povu hapa."

Nikamtuma kijana akalete dumu la nne.